Kinyozi Wangu Anatetemeka kwa Mapenzi

Jumatatu, 3 Juni
Ametetemeka tena! Kunipa kikombe tu, nusu ya chai imeishia kwenye sahani. Wiki ya tatu ya ndoa, na bado nikimkaribia mkono unamcheza. Raha iliyoje! Wifi yangu, Redio ya Mtaa, anasema ni ugonjwa ule wa wazee. Wivu. Mumewe akimpa kikombe, hakitikisiki hata kidogo. Maskini.

Ila kinyozi akitetemeka ni balaa. Leo amemkwangua mteja sikio. Tajiri wake, lile tumbo lenye saluni, amesema bila cheti cha daktari hakuna kazi.

Jumatano, 5 Juni
Mpango wangu: asitetemeke mbele ya daktari. Nikamnywesha kahawa nzito, mishipa ikaze. Akili hiyo!

Daktari mwenyewe kijana wa juzi. Akamwambia aweke mikono mapajani. Tuli! Nikamkonyeza mume wangu: tumeshinda. Kumbe bado. Anyooshe mikono mbele: ikacheza. Achore mzunguko kama gamba la konokono: ukatoka kama uzi uliochezewa na paka. Amimine maji toka glasi hadi glasi: viatu vya daktari vikaoga. Akauliza amekunywa nini. Nikatazama dari.

Akauliza nani mwingine kwenye ukoo anatetemeka. Baba mkwe, kila akishika kijiko. Redio, aliyejileta bila kualikwa, akatumbukiza mkono wake mkobani. Nimeuona ukicheza!

Daktari akasema, “Ule ugonjwa wa wazee huanza mkono ukiwa umepumzika. Wako hucheza ukifanya kazi. Huu ni wa ukoo, una dawa, na kahawa huuchochea.”

Kusoma kote kule, na mapenzi hakuyataja hata mara moja. Nimemhurumia mkewe.

Ijumaa, 7 Juni
Dawa inafanya kazi. Msiba! Asubuhi amenifunga kifungo cha shingoni mara moja tu, kama anafunga gunia. Zamani tulikuwa tunakihangaikia mpaka tunacheka. Nikalia. Akaniuliza, “Mke wangu, nimekukosea nini?” Nikasingizia vitunguu. Hatukuwa tumepika.

Tajiri amesoma cheti, amelainika. Kesho mume wangu amnyoe ndevu yeye mwenyewe, kwa wembe, mbele ya wateja. Tumbo likitoka salama, kazi ipo.

Vidonge nimevificha ndani ya foronya yangu. Kesho nitakaa kiti cha mbele kabisa, nimevaa gauni jekundu, wote waone anavyonipenda.