Vipembe vya Bwana Mpimaji

Wendelin alikuwa na mali mbili: ulimi na mnyororo wa kupimia ardhi. Ulimi alizaliwa nao. Mnyororo ulikuwa wa wapima ardhi aliowahi kuwabebea mizigo. Siku ya kuagana wao waliondoka na ramani zao, yeye akaondoka na mnyororo wao. Kwa ajili ya mnyororo huo watu wa Ifakara walimwita Bwana Mpimaji, naye hakuona sababu ya kuwasahihisha.

Siku moja, akiwa kilabuni anawasaidia wenzake kumaliza pombe waliyoinunua wao, alisikia kwamba huko Lupiro, ng'ambo ya mto, mzee Fridolin na dada yake Yosefina hawasemezani tangu baba yao afariki. Marehemu aliwaachia shamba la mpunga, na ugomvi wote ulikuwa juu ya ukingo wa mto.

Wendelin aliweka kata ya pombe chini. Ndugu hawagombani bure, alijiambia. Ukingo huo lazima una utamu. Yeye hakuwa na tamaa kubwa. Alitaka kipande cha ardhi tu, akiuze, anunue cherehani, akae kivulini maisha yake yote akishona suruali. Kesho yake akavuka mto.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba," walijibu, kila mmoja akitazama upande wake. Macho ya Fridolin yalikuwa mekundu. Wendelin aliamua ni ya pombe, akafurahi, maana mlevi ni mteja mwema.

Alichukua kijiti akachora mchangani. Shamba lilinyooka pande tatu. Upande wa nne ulikuwa mto, nao ulipinda kama utumbo wa mbuzi.

"Umbo kama hili," alisema kwa sauti ya padri wa Ijumaa Kuu, "halina kanuni ya moja kwa moja. Unalikata vipande virefu vilivyonyooka, kutoka njiani hadi mtoni. Kila kipande unazidisha urefu kwa upana, kisha unajumlisha vyote. Kadiri vipande vinavyokuwa vyembamba, ndivyo jumla inavyoukaribia ukweli."

"Na vikiwa vyembamba kabisa?" Yosefina aliuliza.

"Hapo unafika kwenye ukweli wenyewe, mama. Lakini maisha ni mafupi. Tutakata vipana."

"Sasa kipande kimenyooka na mto umepinda. Huko mwisho si kutabaki vipembe?"

"Makombo tu. Hayo ndiyo yatakuwa ujira wangu. Hela yenu sitaki."

Kaka na dada wakatazamana, kwa mara ya kwanza tangu matanga.

"Vipembe vyote?" Fridolin aliuliza.

"Vyote, mzee."

"Utasema hivyo mbele ya jumbe?"

"Hata mbele ya askofu."

Walikubali upesi mno hata Wendelin akawaonea huruma. Huruma hiyo haikumchelewesha. Alikata vipande vipana, fahali wawili wangepigana ndani ya kimoja bila kukanyaga cha jirani. Kila kipande alikikomesha pale mto ulipoingia shambani zaidi, ili pote ulipojivuta nyuma kibaki kipembe kinono. Na hata pale ulipoingia alisimama hatua chache kabla ya maji, akieleza kwamba mnyororo wa serikali hauruhusiwi kulowa. Ilipofika jioni vipembe vilikuwa vimeshikana mikono, ukingo wote, kutoka mpaka hadi mpaka.

Jumbe alishuhudia. Ndugu wakagawana vipande vilivyobaki nusu kwa nusu bila neno, wakakumbatiana. Yosefina alilia. Wendelin naye alitokwa na machozi, akiwaza cherehani.

Fridolin akamletea debe tupu na rungu.

"Vya nini hivi, mzee?"

"Vya viboko, mwanangu. Desturi yetu hapa, anayepakana na maji ndiye anayelala dunguni, juu ya jukwaa la kulindia shamba, apige debe usiku kucha viboko wasipande kula mpunga wa watu. Wakila, analipa yeye. Baba alifanya kazi hiyo hadi akafa. Tangu hapo mimi namwambia dada ukingo ni wako, naye ananiambia ni wangu. Sijalala tangu mpunga uanze kuchanua."

Wendelin alijaribu kuuza. Kutoka Lupiro hadi Malinyi hakupata aliyeutaka ukingo ule, hata wa bure. Akafikiri kutoroka, lakini jumbe alikuwa amekwisha kuuweka mnyororo ndani ya nyumba yake, kwa heshima kubwa, hadi mavuno, na Wendelin bila mnyororo ni ulimi mtupu.

Baada ya siku chache za debe aliwakuta ndugu wakila pamoja. Fridolin alikuwa ametoka tu kuamka.

"Mzee, nimekosea. Tulikata vipana mno. Nitapima upya, bure kabisa, vipande vyembamba kama unyasi. Vipembe vitapungua hadi visiwepo, yote yatakuwa yenu. Huo ndio ukweli wa elimu hii, naapa."

Na ilikuwa kweli, neno kwa neno. Alikuwa hajawahi kusema ukweli mwingi hivyo kwa pumzi moja.

Fridolin alitafuna taratibu, akameza.

"Sisi hatukusoma, mwanangu. Tumemwamini mtaalamu."

Yosefina akampakulia wali, sahani ikajaa, akamsogezea na samaki.

"Kula upesi, baba," alimwambia kwa upole. "Jua likiinama wanaanza kupanda, na ngazi ya dungu bado hujaizoea."