Sifuri Baada ya Tisa

Jumatatu, 3 Juni
Msonyo ule! Mrefu, wa meno yaliyokazwa. Bado nausikia. Bosi alisimama nyuma yangu, akaona nimejaza programu maneno "nimefika hapa", "na hapa nimefika", nikisaka kwa nini mashine yetu ya foleni ya hospitali humwita "sifuri" kila mgonjwa baada ya wa tisa. Akasema mpishi haonji mchuzi kwa kuumwaga sakafuni. Nijifunze dibaga, chombo cha kusaka makosa, kile cha skrini nyeusi na amri za kuandika. Ijumaa muuguzi mkuu anakuja kuiona mashine. Ikiharibika, kazi yangu ya majaribio ndiyo basi. Binamu, mtoto wa shangazi, meza ya pili, akacheka puani. Yeye dibaga anaijua. Shangazi atazipata habari leo leo.

Jumanne, 4 Juni
Binamu kajitolea kunifundisha. Nimekataa. Nina shahada, jamani! Nimeiomba dibaga msaada, ikanimwagia kurasa. Nimeomba kutoka, ikaniuliza kama nina hakika. Kama mama mkwe! Nimeizima kompyuta.

Jumatano, 5 Juni
Ushindi! Nimeweka kituo: programu inasimama kwenye mstari nilioutaka, naichungulia tumboni. Nikaenda kunywa chai. Kurudi, ofisi nzima imekwama. Kumbe nimeisimamisha si nakala yangu, bali ile wanayoitumia wote! Fundi wa mtandao yuko juu ya ngazi, anafokewa na bosi. Nikaiamuru iendelee, kimyakimya, nikashangaa pamoja na wenzangu. Binamu akaninong'oneza: dada, fundi umteremshe wewe.

Alhamisi, 6 Juni
Muujiza! Kwenye kituo naweza kubadili namba kwa mkono. Sifuri ikija, naandika kumi. Programu haina habari. Binamu anasema huko ni kumpaka poda mwenye homa. Nirekebishe mstari ulio juu ya kituo, wenye kosa lenyewe, ni kazi ya dakika tu. Wivu.

Ijumaa, 7 Juni
Tisa, kumi, kumi na moja! Mashine haikupata kigugumizi hata kidogo, mimi nyuma ya pazia vidole vikiwaka moto. Muuguzi mkuu kapiga makofi. Nimethibitishwa kazini! Kisha bosi katangaza: Jumatatu mashine inawekwa hospitalini kuanza kazi, wagonjwa mia kwa siku. Binamu kanikumbusha ule mstari, kwa upole unaokera. Nimpe raha hiyo? Thubutu! Nimeomba kuhamishiwa hospitalini, niwe karibu na wagonjwa. Bosi kanisifu kwa moyo wa kujitolea. Kiti nimeshakipeleka. Kipo nyuma ya mashine.