Kichwa cha Treni Kilicholishwa Mafuta ya Mandazi

Sogeeni, enyi wakazi wa ghorofa zote za mtaa wa Huruma, nyinyi mlio ngazini na nyinyi mnaoanika nguo darini. Punguzeni redio zenu mpate kusikia habari za Mukhwana wa orofa ya nne, bingwa wa bisibisi, aliyetumika miaka thelathini katika karakana ya reli, na jinsi alivyopigana Jumamosi moja ya Julai na kichwa cha treni kisichozidi urefu wa mkate.

Kichwa hicho alikiokoa Eastleigh, katika rundo la mitumba. Kilizunguka meza ya sebuleni kwa fahari, juu ya reli yake ndogo, hadi baridi ya Juni ilipoingia, kikagoma. Kilinguruma, kikatetemeka, kisisogee. Na meza ile ndiyo ya pekee nyumbani humo.

Ndipo mkewe Nabalayo, malkia wa sufuria, mwenye sauti ya kunyamazisha ploti nzima, alipotoa tamko.

"Baba Andati, akina mama wa kanisa wanafika saa tisa. Hiki kitu chako kikizunguka meza mara moja, kibaki. Kisipozunguka, Odongo yuko hapo mlangoni na gunia lake."

Kweli, Odongo, mnunuzi wa vyuma kuukuu, alikuwa ameegemea mlango. "Niaje mzee," akasema kwa upole. "Chukua time yako. Mimi niko tu."

Mukhwana alihuzunika sana. Tangu astaafu, kichwa kile ndicho kitu pekee kilichohitaji mikono yake.

Akatandaza taulo, uwanja wa vita, akampindua adui magurudumu juu, akafungua kifuniko. Ole wake kwa aliyoyaona. Kati ya meno ya gia kulikuwa kumeganda uji mweupe, uliofuga vumbi, nyuzi za zulia na unywele mmoja wa wigi. Uji huo aliutambua papo hapo. Yalikuwa mafuta ya kupikia, yale ya mkebe yanayoganda kwa baridi, aliyoyachota mwenyewe siku ya Krismasi Nabalayo akiwa kanisani. Mkebe ulipoulizwa kwa nini umepungua, Mukhwana aliwasingizia panya.

Sasa dawa ilikuwa moja tu: mafuta ya cherehani, na chupa yake ilikuwa ndani ya droo ya Nabalayo. Shujaa akasimama, akavua miwani.

"Mama Andati, nisikilize, maana neno hili nitalisema mara moja. Mafuta yako ya mandazi hayakuliwa na panya. Niliyachota mimi, vijiko viwili, nikakilisha hiki kichwa nikidhani mafuta yote ni mafuta. Naomba chupa yako ya cherehani, matone machache tu, kisha unihukumu utakavyo."

Odongo akatazama dari.

"Panya," akasema Nabalayo polepole. "Na mimi nikatega sumu miezi miwili." Akafungua droo, akaitua chupa mezani kwa kishindo.

Vita vikaanza. Mswaki mkuukuu uliochovywa spiriti ukasugua gia moja baada ya nyingine. Sindano ikang'oa ule unywele. Kitambaa kikapangusa magurudumu na reli mpaka vikang'aa. Kisha, kwa ncha ya sindano, kila ekseli ya magurudumu ikapewa tone lake, tone moja, si zaidi, kama mtu anayemtia mtoto dawa ya jicho.

Viatu vya akina mama vikasikika ngazini. Mukhwana akakirudisha kichwa relini, akawasha. Kikanguruma. Kikasita. Kisha kikaondoka, taratibu, kikapita kona ya dirishani, kikapita kona ya jikoni, kikarudi kilipoanzia. Mukhwana alilia kidogo, tusimfichie.

"Imezunguka," akasema Odongo, akiweka gunia chini. "Mzee, hebu rudia."

Wageni wakajaa mlangoni. Nabalayo aliitazama meza, akamtazama mumewe, akavuta pumzi.

"Karibuni, ketini," akawaambia. "Vikombe mtashika mkononi. Meza ina treni."

Basi na iandikwe, vizazi visome: siku hiyo, saa tisa na dakika nne, akina mama saba wa kanisa walikunywa chai vikombe vikiwa magotini, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuigusa meza ya Mukhwana.