Viatu vya Mkurugenzi wa Kompyuta Zote Popote Zilipo

Inatangazwa kwa wafanyakazi wote wa Usingizi Mwema, watengenezaji na wauzaji wa magodoro, kwamba kuanzia Jumatatu hakuna kompyuta ya kampuni hii itakayojiamulia jambo lolote.

Ndivyo waraka ulivyoanza, na mihuri miwili chini yake, na kusema kweli ulikuwa umechelewa. Kampuni ilikuwa na matawi kila pembe ya nchi, kila tawi na kompyuta yake, na kila kompyuta ikiishi inavyotaka kama kijana aliyeachiwa nyumba. Ya Machakos ilifunikwa kitambaa cha kushonwa chenye picha ya bata. Ya Eldoret ilifunikwa shuka. Mambo gani hayo? Basi hedi ofisi, huko juu mjini kwenye zulia, ikaunda Kurugenzi ya Kompyuta Zote Popote Zilipo, na ukubwa wake akapewa Bwana Walter Muoki, ambaye hakuwa amewahi kuwasha kompyuta maishani, kwa hivyo hangependelea yoyote.

Bwana Muoki alifanya kazi. Mtu asiseme hakufanya. Aliagiza kila kompyuta ivae kifuniko cha buluu kutoka hedi ofisi. Aliagiza hakuna kuiwasha asubuhi mpaka tawi lipige simu kuomba ruhusa. Na kwa sababu vumbi ndilo adui mkubwa wa maendeleo, aliagiza kila anayeingia chumba cha kompyuta avue viatu, aviache nje ya mlango, vikiwa vimepangwa sawasawa.

Sasa tuje tawi la Kware, mtaa wa matope pembeni mwa jiji.

Kware duka la magodoro lilikuwa chini, chumba cha kompyuta juu, na ngazi ilikuwa ya nje, kila mtu anapita. Chumba hicho kilikuwa cha Truphena. Truphena alikuwa ametoka koleji ya kompyuta juzi tu, cheti bado kinanukia wino, na kuitwa "opareta" kulikuwa kunamfanya atembee kama amevaa kitu kipya hata siku ambayo hakuvaa. Pale plotini kwa shangazi yake, mtaani Tena, watu walikuwa wameacha kumuuliza ataolewa lini, wakaanza kumuuliza kompyuta inakula nini. Hiyo ni heshima, si mchezo.

Na Truphena alitaka kufuata waraka. Shida ni kwamba mwaka ule ulikuwa wa El Niño. Mvua ilikuwa imemeza laini za simu, kwa hivyo ruhusa ya kuwasha asubuhi ilikuwa inafika alasiri, kama imefika. Ikabidi wawe wanawasha huku wakiendelea kuomba. Halafu viatu. Siku ya kwanza Truphena na meneja wake, Madam Ndinda, waliacha viatu nje kama walivyoagizwa. Walipotoka, ngazi ilikuwa safi. Siku ya pili waliacha vya zamani, navyo vikaenda. Madam Ndinda, mama mzito mwenye sauti ya kwaya, alikanyaga lami mpaka stejini akiwa na soksi, na hakuimba.

Ndipo tawi likakaa kikao. Owiti, mbeba magodoro, akasema kitu cha maana, kwamba hapa Kware kiatu ukikiacha nje hujakiacha, umekipeana. Wakakubaliana kila mtu aingie na viatu vyake, lakini avivalishe juala, mfuko wa plastiki mmoja kila mguu, na mpira wa kufungia. Vumbi halikuingia, matope hayakuingia, na watu walirudi nyumbani wakiwa na viatu. Truphena, kwa kuwa koleji walimfunza ukweli, akaandika kwenye ripoti: agizo la viatu linatekelezwa, ila tumebadilisha kidogo.

Hiyo "kidogo" ilifika hedi ofisi kama habari ya mapinduzi. Kurugenzi ilikaa siku nzima. Kama Kware wamevaa juala leo, kesho Nakuru si watachagua ukubwa wa herufi? Ikaamuliwa Kware inyang'anywe kompyuta yake, iletwe mjini, ikae na wenzake wenye nidhamu. Tawi lingerudia kuandika kwa kalamu. Na opareta asiye na kompyuta, waraka ulisema kwa upole sana, "atajikuta hana shughuli."

Truphena alisoma hilo mara nyingi. Alijiona tayari kwa shangazi, mtaani Tena, akipindua mandazi, watu wakimuuliza tena ataolewa lini.

Siku ya siku Bwana Muoki alifika mwenyewe, pamoja na Katibu wa Kurugenzi, Bwana Maingi, mwembamba, amekumbatia waraka ndani ya faili. Gari liliachwa mbali kwenye lami kwa sababu ya matope. Owiti aliwapitisha juu ya mawe, akiwaambia hapa kanyaga, hapa usijaribu. Bwana Muoki alikuwa na viatu vyeusi vya ngozi vilivyong'aa mpaka Owiti, akipanda ngazi nyuma yake, alijiona uso.

Mlangoni Madam Ndinda alikuwa amesimama na juala nne mpya.

"Karibu, Bwana Mkurugenzi. Tafadhali, vaa hizi."

"Mama, mimi ndiye nilileta hiyo sheria."

"Najua, mkubwa. Lakini hapa ni Kware."

"Hakuna Kware," Bwana Muoki akasema. "Kuna kampuni."

Akavua viatu. Akavipanga mwenyewe, akawafundisha na namna yake, visigino pamoja, ncha zikielekea mjini. Katibu akapanga vyake kando, hatua moja nyuma, kwa cheo. Owiti akajitolea kukaa hapo avilinde. Akakatazwa. Kulinda viatu hakumo kwenye waraka, Katibu alieleza, na tawi likianza kulinda viatu bila idhini litakuwa limeongeza kipengele.

"Sawa, mdosi," Owiti akasema, akainua mikono kama mtu aliyeshikwa na polisi. "Mimi nimesema tu."

Wakaingia wote, mlango ukafungwa kuzuia vumbi. Bwana Muoki alisimama mbele ya kompyuta na soksi zake za mistari, akaisomea mashtaka. Aliisomea kompyuta yenyewe, maana ndiyo iliyokosa, na ilichukua muda. Truphena akang'oa nyaya moja moja kama anamvua mgonjwa nguo. Owiti akaleta katoni. Kompyuta ikaingia, Madam Ndinda akapangusa macho na ncha ya leso, na Bwana Muoki akafungua mlango.

Nje palikuwa na viatu vya Katibu peke yake.

Vya Katibu vilikuwa vimeguswa, tena vimegeuzwa juu chini vikaangaliwa soli, halafu vikarudishwa. Kati ya wale wawili sijui nani aliumia zaidi. Bwana Maingi aliviangalia akakaribia kulia.

Mvua ikaanza upya. Kutoka ngazini mpaka kwenye lami palikuwa na matope ya rangi ya chai na kitu kingine ambacho heri tusikitaje.

"Mtu aende aninunulie viatu," Bwana Muoki akasema.

Madam Ndinda akamtazama Truphena. Truphena hakuwa anafanya mzaha, hilo tulielewe. Yeye alikuwa amekariri waraka ule usiku kucha akitafuta pa kujificha, na sasa maneno yakatoka yenyewe, kwa heshima zote.

"Bwana Mkurugenzi, hatuna ruhusa. Waraka umeweka viatu vya watu wanaoingia chumba hiki kwenye vifaa vya kompyuta. Tawi haliruhusiwi kununua kifaa cha kompyuta."

"Nimekuruhusu."

Katibu akakohoa. Alikuwa bado na kidonda cha vile viatu. "Samahani, mkuu. Ruhusa hutolewa Makao Makuu. Wewe sasa hivi uko Kware."

"Wewe Maingi, si umesikia hakuna Kware?"

"Nimesikia, mkuu. Lakini uko."

Walijaribu simu. Ilikuwa inatoa mlio kama wa mtu anayesuuza kinywa. Owiti akasema anaweza kumbeba mkubwa mgongoni, amewahi kubeba godoro la sita kwa sita mpaka ghorofa ya juu kabisa, ila godoro halina tumbo. Bwana Muoki akaangalia matope. Akaangalia soksi zake. Akamuuliza Katibu, kwa sauti ndogo, kama kuna njia.

Katibu akapekua faili. Njia ilikuwapo moja. Tawi linaweza kununua kifaa kama Mkurugenzi amelipatia tawi hilo mamlaka kamili, kwa maandishi yaliyopigwa chapa.

"Basi mpige chapa."

"Na nini, mkuu?" Truphena akauliza. "Iko kwa katoni."

Ikatolewa kwenye katoni. Nyaya zikarudi, kompyuta ikawashwa, printa ikalia, na karatasi ikatoka: Tawi la Kware litajiamulia mambo yote ya kompyuta na vifaa vyake, na Makao Makuu yakitaka lolote kuhusu hayo, yataliomba tawi. Hayo ya mwisho Truphena aliyaongeza kwa kuwa karatasi ilikuwa na nafasi. Bwana Muoki alitia sahihi bila kusoma, kama afanyavyo mkurugenzi mwenye miguu baridi.

Owiti akaenda sokoni. Gambuti zilikuwa zimeisha Kware yote kwa sababu ya mvua. Akarudi na pati pati za waridi, zenye ua la plastiki juu ya kidole gumba.

Sasa sikia mjini kulikuwaje. Bwana Muoki aliingia hedi ofisi wakati kikao cha wakurugenzi kimeanza, na mwenyekiti akatazama miguu. Kusema ameibiwa kungekuwa kusema juala zilikuwa sawa. Kwa hivyo Bwana Muoki akakohoa, akatangaza kwamba hicho ndicho kiatu rasmi kipya cha vyumba vya kompyuta, kimefanyiwa utafiti Kware, ua linapunguza umeme wa mwilini. Mwenyekiti alisifu sana utafiti. Akaagiza wakurugenzi wote wavae, kuanzia yeye. Na kwa kuwa, kwa ile karatasi, vifaa vya aina ya Kware vilikuwa chini ya Kware, laini ziliporudi simu ya kwanza kulia kwa Truphena ilikuwa ya Bwana Muoki, anaomba pati pati za kurugenzi nzima. Anaomba, jamani. Alisema "tafadhali" na "ukipata nafasi."

Truphena akaziba simu na kiganja, akamwuliza Madam Ndinda. Madam akamjibu bila kuinua macho kwamba tawi halipeani vifaa ovyo, kwanza lazima likague.

Alhamisi tawi likaenda hedi ofisi. Wakurugenzi walisimama mstari mmoja kwenye zulia, mwenyekiti mwanzo, wote wamevua soksi. Truphena alikuwa na kalamu. Owiti, mwenye gambuti zilizokauka matope ya Kware, alipita mmoja mmoja ameinama, mikono mgongoni, mpaka akafika kwa Bwana Muoki, akachuchumaa, akaangalia kwa muda mrefu.

"Mzee," akasema, "nenda ukate kucha. Halafu tutafikiria."