Wati Nane za Mama Mkwe

Jumatano, 11 Machi
Amplifaya ya valvu imefika. Fundi redio aliyeniuzia ameileta kifuani kama trei ya mayai. Nimeiwasha. Valvu nne, kama balbu ndogo, zikaanza kuwaka polepole, rangi ya kaa la moto. Nikakaa sakafuni na viatu vyangu, nikizitazama tu. Muziki hata sijaweka.

Shemeji atanyamaza sasa. Huyu ni kaka wa mke wangu. Ana amplifaya ya kisasa ya transista, isiyo na valvu, ya wati mia mbili, na wati hizo huzitaja hata msibani. Nimemwalika Jumapili aje nayo na spika zake tushindane. Mwamuzi ni baba mkwe, aliyeongoza kwaya miaka thelathini.

Alhamisi, 12 Machi
Balaa. Nimeunganisha spika zangu nyeusi, ndefu kama kabati. Sauti imetoka kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Fundi kaja, kasema amplifaya hii ina wati nane tu, na spika hizi zinataka nguvu nyingi. Eti mimi nitafute zinazosukumika kirahisi. Nikamwambia asinifundishe kazi. Akanikumbusha kwamba kazi ni yake, mimi ni mwalimu wa jiografia.

Jumamosi, 14 Machi
Mbinu imepatikana. Nimeazima amplifaya ya transista kwa jirani mwenye duka la dawa, nikaificha nyuma ya pazia, nikaiunganisha na spika. Valvu zitakaa mezani ziwake, zitazamwe. Kazi itafanywa na iliyojificha. Mke wangu akauliza pazia limevimba nini. Nikasema upepo. Madirisha yalikuwa yamefungwa.

Jumapili, 15 Machi
Nilitoka kufuata soda. Kurudi, mke wangu kaondoa spika zangu, eti zinamzibia mzee njia, kaweka spika za zamani, makasha mapana ya mbao kutoka stoo, yaliyokuwa ya kwaya ya baba yake. Nikanuna. Lakini wageni walishafika mlangoni, na transista haichagui spika.

Shemeji alianza. Vioo vya dirisha vikatetemeka. Baba mkwe, ambaye ameacha muziki tangu masikio yaanze kumsumbua, alisikiliza kwa adabu, akasema ni kubwa.

Zamu yangu. Niliweka santuri ya kwaya yake, ile ambayo marehemu mama mkwe anaimba ubeti mmoja peke yake.

Sijui niandikeje. Sauti haikutoka kwenye makasha. Ilikuwa chumbani, kimo cha mtu aliyesimama karibu na kochi. Vinyweleo vilinisimama. Shemeji aliweka glasi chini bila kunywa. Mzee akainua kidole.

"Hapo," akasema. "Hapo anavuta pumzi. Siku zote alikuwa akichelewa kidogo."

Santuri ikaisha, sindano ikakwaruza bure. Mzee akaomba irudiwe. Tuliirudia mara tano, na kila mara alitabasamu palepale, kwenye pumzi.

Walipoondoka nikaenda kuizima transista. Nyuma ya pazia palikuwa na kapu la nguo. Mke wangu akasema ameirudisha kwa mwenyewe nilipokwenda kununua soda, kisha akaunganisha valvu na makasha ya baba yake, yanayosukumika kirahisi. Siku ile fundi akieleza, yeye alikuwa jikoni akisikiliza.

Wati nane! Mama mkwe alisimama sebuleni kwangu kwa wati nane.

Jumatatu, 16 Machi
Shemeji kapiga simu, mpole kama mgonjwa. Tangu jana hajalala vizuri. Anaomba nikamsaidie kupatanisha amplifaya yake na spika zake, maana nina kipaji. Mke wangu, aliyekuwa kando yangu, akaninong'oneza nimwambie ukweli.

Nikafikiri. Nikamwambia kipaji mtu huzaliwa nacho.

Kesho naenda kumfungulia hiyo amplifaya. Fundi amejitolea kufuatana nami. Nimemkatalia. Bisibisi nimeshanunua.