Kivinjari cha Kituo cha Kisarawe

Ilitangazwa rasmi mjini Kibaha, mbele ya keki yenye umbo la kompyuta, kwamba kalamu imestaafu. Aliyetangaza ni Bwana Hashiru, Meneja wa Mamlaka ya Upitishaji Mazao, mtu aliyeamini kwa dhati kwamba kitu chochote kilichoandikwa kwa mkono ni uchafu. Kuanzia siku hiyo hakuna nanasi, muhogo wala korosho itakayovuka kizuizi cha barabarani bila kibali kilichotoka kwenye tovuti mpya ya Mamlaka. Na ili kuziba mianya ya udanganyifu, kibali kitatolewa na kompyuta ya kituo cha wilaya yalikovunwa mazao, si kwingine kokote. Watu wakapiga makofi, wakala keki, wakianzia kwenye kibodi.

Jambo moja Bwana Hashiru hakulijua, na kwa cheo chake hakupaswa kulijua: kompyuta ya kituo cha Kisarawe ilikuwa kikongwe. Skrini yake ilikuwa na kisogo kikubwa kama televisheni za zamani, na ukiiwasha ilinguruma kwanza kama gari linalokataa mlima. Kivinjari chake, yaani ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao, hakikuwa kimeguswa tangu siku kompyuta ilipotolewa kwenye boksi. Tovuti mpya ilipokiona tu, ilikikataa. Ukurasa ukabaki mweupe, na katikati maneno haya: "Kivinjari chako kimepitwa na wakati. Tafadhali kihuishe." Salama, afisa wa kituo, alipobonyeza pale pa kuhuishia, akaambiwa kompyuta yenyewe ni ya zamani mno kupokea kivinjari kipya.

Akapiga simu Kibaha. Bwana Hashiru alimsikiliza kwa subira ya kiongozi, kisha akamwelekeza awasilishe malalamiko yake kupitia tovuti. Salama akasema tovuti ndiyo isiyofunguka. Bwana Hashiru akakiri kwamba hiyo ni hoja ya msingi, akamshauri aiweke humohumo kwenye malalamiko.

Wakati huo Bi Zubeda wa Msimbu, wilayani humohumo, alikuwa amekwishavuna. Alifika kituoni na kirikuu ya kukodi iliyojaa mananasi, akaketi kwenye benchi kusubiri kibali. Kila alipouliza, Salama alimgeuzia skrini ajionee mwenyewe. Jua likawaka, likazama, likawaka tena. Mananasi yakaanza kulainika, kisha kuvuja, kisha kunuka kama pombe, na nyuki wakaja kwa wingi kuliko wateja. Mwisho dereva akataka gari lake. Msimu mzima wa jembe ukamwagwa jalalani nyuma ya kituo, na Bi Zubeda akarudi nyumbani kwa miguu, upande wa khanga umefunika mdomo.

Habari hizo zilipofika Kibaha, Bwana Hashiru hakulala usingizi. Aliunda Kamati ya Uhuishaji, akaiongoza mwenyewe hadi Kisarawe. Wajumbe waliizunguka ile kompyuta, wakaigonga kisogoni, wakaiwasha. Ikawaka. Kwa kuwa imewaka, kamati ikaridhika kwamba ni nzima, na ikabaini kuwa tatizo ni uelewa mdogo wa wananchi. Palepale ikaitishwa semina juu ya umuhimu wa kwenda na wakati.

Bwana Hashiru alipomaliza kusema, Bi Zubeda akanyoosha mkono.

"Mwanangu, mimi na wakati hatujagombana," akasema. "Nanasi liliiva kwa wakati wake, nikalivuna kwa wakati wake. Sasa huyo aliyepitwa na wakati ni mimi, au ni hilo dude lenu hapo mezani?"

Bwana Hashiru alimshukuru kwa swali zuri, na kwenye taarifa ikaandikwa kwamba wananchi wameridhika. Wakati wa kuondoka alimpita yule mama bila kumwamkia, kwa sababu ratiba haikuwa na kipengele cha shikamoo.

Ikumbukwe kwamba Bwana Hashiru naye alikuwa mkulima. Alikuwa na shamba hukohuko Msimbu, kama ilivyo desturi ya wakubwa kupenda kilimo wakiwa mbali nacho. Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka alipokuwa anamwoza binti yake, Bwana Hashiru alisimama kwenye kikao cha harusi akaahidi kwamba sharubati yote ya siku hiyo itatoka mkononi mwake. Siku ilipofika lori likajazwa mananasi. Yeye akalifuata nyuma na gari la ofisi, kiyoyozi kikipuliza, moyo umetulia.

Kwenye kizuizi, mlinzi aitwaye Maneno akaomba kibali. Bwana Hashiru akashusha kioo.

"Hunijui mimi?"

"Nakujua, mzee. Wewe ndiye uliyetuletea waraka kwamba asipite mtu bila kibali."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo naogopa kukupitisha."

Lori likageuzwa. Kituoni Salama alimpokea kwa heshima zote, akampisha kiti. Bwana Hashiru akaiwasha kompyuta mwenyewe. Ukurasa mweupe. Akaizima, akaiwasha. Akaifuta skrini kwa leso. Alipoona hakuna anayemtazama akaipuliza kwa nyuma. Alimpigia Didas, fundi wa Kibaha, atoe kibali kutoka huko kwenye mashine mpya. Didas akamkumbusha kwa adabu kwamba mfumo hauruhusu, na kwamba katazo hilo liliwekwa kwa agizo lake mwenyewe. Kuliondoa kunahitaji kikao cha bodi. Bwana Hashiru akamwomba Salama aandike kwa mkono. Salama akajibu kuwa kalamu anayo, tatizo ni Maneno, ambaye ameagizwa asiitambue.

Jioni simu ikaita. Alikuwa Mkurugenzi Mkuu.

"Hashiru, wageni wangu wanakunywa maji."

Bwana Hashiru akaeleza, kwa mara ya kwanza maishani, habari za kivinjari. Akaeleza vizuri sana. Upande wa pili ngoma za harusi zilisikika kwa mbali.

"Taarifa yako ninayo," akasema mkubwa. "Inasema Kisarawe kompyuta ni nzima, kilichopungua ni uelewa. Au ulinidanganya?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Basi aliyepungukiwa uelewa ni wewe."

Uhamisho ulitoka kabla nyuki hawajamaliza mananasi. Salama alipelekwa Kibaha, kwenye meza yenye kompyuta mpya. Bwana Hashiru akawa afisa wa kituo cha Kisarawe, kwa madhumuni ya kuongezewa uelewa. Kila asubuhi anaiwasha, inanguruma, anasoma ukurasa mweupe, kisha anatazama barabara.

Msimu uliofuata Bi Zubeda alipita. Bwana Hashiru akainuka kitini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kimefunguka?"

"Bado, mama."

Bi Zubeda akaketi. Safari hii hakuja na mzigo, alikuwa na nanasi moja tu kapuni. Akalimenya taratibu, akawagawia wote waliokuwa kwenye benchi, harufu ikajaa ofisi. Bwana Hashiru akameza mate, akaikodolea macho skrini.

"Ningekukatia na wewe," akasema Bi Zubeda, akilamba kidole, "lakini nasikia watumishi wa serikali hamruhusiwi kupokea kitu."