Meza Tatu Zilizojitoa

Jumatatu, 13 Aprili

Nimeshindwa. Héritier kura thelathini na moja, mimi nne. Umoja wa wauzaji wa soko letu la Bunia umemchagua tena yule muuza sufuria awe prezida. Mimi, Prudent, muuza mabeseni mwenye diploma ya ualimu, nimerudi mezani kama mtu aliyetoka kuzika. Walioniahidi kura walikuwa kumi na tisa! Nimemuuliza mke wangu Véronique, ambaye meza yake ya makayabu, samaki wa chumvi, inagusana na yangu, kama yeye ni mmoja wa wale wanne. Akasema kura ni siri. Akaendelea kupanga samaki wake.

Kwa kinyozi redio ilikuwa inazungumza habari za Waingereza. Walijitoa kwenye Umoja wa Ulaya, miaka imepita, na bado wako hai. Kinyozi hajamaliza upande wa pili wa kichwa, mimi nimeshaamua.

Jumanne, 14 Aprili

Nimejitoa! Saa mbili asubuhi, mbele ya mashahidi. Nimesoma tangazo nikiwa nimesimama juu ya beseni lililogeuzwa. Limepasuka kwenye neno “uhuru”, lakini maana ilikuwa imefika.

Wawili wamenifuata. Lionel, muuza kufuli na betri, kwa sababu aligombana na Héritier juu ya kivuli. Na Mama Domitille, mjane anayeuza magauni meupe ya komunio ya kwanza. Nilimuuliza sababu yake. “Miye sijuwe mambo ya politike,” akasema. “Lakini siku bwana yangu alikufa, weye ulinibebea meza.”

Nimechora mstari wa chokaa chini, kati ya meza zetu tatu na Umoja. Umepita katikati ya mabeseni yangu na makayabu ya Véronique. Amekataa kuvuka. Akasema Umoja una kamio, lori la kuleta mizigo ya wote kutoka mpakani Aru, una karatasi moja ya wote ya kupita duane, yaani forodha, una bashe, turubai la juu ya vichwa, una mlinzi, una choo. Akauliza sisi tuna nini. Nikamwambia tuna mamlaka kamili. Akauliza kama hayo yanazuia mvua.

Jumatano, 15 Aprili

Hayazuii.

Héritier hakufanya ubaya wowote, na hilo ndilo linaloniudhi. Alikuja, akasalimu, akasema bashe ni mali ya Umoja, basi atalikunja mpaka kwenye mstari niliouchora mwenyewe. Akaniuliza kama amekunja sawasawa. Nikamwambia ndiyo.

Saa saba mvua ikaja. Mabeseni yangu yote yamejaa. Mteja mmoja ameuliza kama siku hizi nauza maji. Betri za Lionel zimelowa. Mama Domitille alikuwa na gauni moja tu mezani, la kuonyesha; amelilalia kama kuku juu ya mayai. Véronique, mkavu, amenirushia kipande cha nailoni nijifunike. Nimekipokea kama msaada wa kibinadamu, si kama kukubali kosa.

Alhamisi, 16 Aprili

Choo. Sikufikiria choo.

Ufunguo unakaa kwa komite. Nimemwomba Véronique aukope kwa jina lake. Akasema yeye hadanganyi komite yake. Nimemwandikia Héritier barua ya ushirikiano kati ya pande mbili. Amejibu upesi, kwa adabu: wageni wanapewa ufunguo bila shida.

Mgeni! Miaka kumi na moja niko katika soko hili!

Nimetembea mpaka parokia, haraka, kisha haraka zaidi. Nilipotoka chooni padri alikuwa amesimama pale, akafurahi, akadhani nimekuja kuungama. Nikaungama. Sikumtaja Héritier.

Jioni nimechonga muhuri kwa soli ya kandambili: MUUNGANO HURU WA MEZA TATU. Umetoka vizuri sana.

Jumamosi, 18 Aprili

Habari mbaya. Dereva wa kamio ya Umoja amempigia Mama Domitille simu kutoka Aru. Anapakia mpaka Jumanne, lakini mzigo wake hawezi kuugusa. Jina lake limefutwa kwenye karatasi. Magauni hamsini na mawili! Komunio ni Jumapili ya tarehe 26. Yakichelewa yanangoja mwaka mzima, na yeye anakula mwaka mzima kwa magauni hayo.

Hakunigombeza. Amekaa tu kwenye kiti chake, mikono mapajani. Afadhali angenipiga na kile kiti.

Nimesema naenda Aru mwenyewe. Nimesema kwa sauti ya prezida.

Jumatatu, 20 Aprili. Aru

Karani wa duane amenisikiliza kuliko mtu yeyote tangu uchaguzi. Nimempa barua yenye muhuri. Ameigeuza. Ameiinua dirishani, akaisoma kwa nyuma, kwenye mwanga. Kumbe nilichonga herufi kama zinavyosomwa, basi kwenye karatasi zimetoka kinyume.

“Muungano hii iko ya inchi gani?” akauliza.

Nikamwambia ni ya meza.

Hakucheka. Amenieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa, kwamba mwuzaji aliye peke yake anafungua faili lake mwenyewe, na faili linachukua wiki tatu. Nikamwambia komunio haingoji. “Muzee, hata miye niko na mutoto wa komunio,” akasema. “Lakini jina haiko.”

Nimekaa nje juu ya gogo mpaka wamefunga ofisi. Simu imelia mara saba. Véronique. Sikuipokea. Sikutaka kusikia masharti ya Umoja. Na ile mikono mapajani haikunitoka machoni.

Jumanne, 21 Aprili

Asubuhi dereva wa kamio, Patou, amenikuta kwenye gogo lilelile. Akauliza nangoja nini. Nikamwambia magauni. Akasema magauni yako ndani ya gari tangu jana.

Kumbe Jumapili Véronique alikwenda kwa Héritier, akaomba mzigo uandikwe kwa jina lake. Komite imekutana, imekubali. Hiyo ndiyo habari ya zile simu saba.

Nimeomba nafasi ya kurudi nao. Juu ya mizigo tu. Njiani, Mahagi, tumepakia makayabu ya Véronique. Mafurushi sita, kando ya magauni meupe. Nimeyakumbatia magauni, nikawageuzia samaki mgongo. Karibu na Nizi tumekwama kwenye matope. Wote wameshuka kusukuma. Mimi nimesukuma kwa mkono mmoja, wa pili umeshika furushi.

Alhamisi, 23 Aprili

Tumefika Bunia. Mama Domitille amefungua furushi mbele ya watu, akanusa. Akanusa tena. Nikafunga macho.

Ameyatundika yote hamsini na mawili chini ya bashe la Umoja, yapigwe na upepo. Mpaka saa kumi yameuzwa, yamebaki manne. Watoto wataingia kanisani na harufu kidogo ya ziwa. Mama Domitille anawaambia wazazi hata mitume walikuwa wavuvi.

Halafu ameniita. Ameomba nimbebee meza mpaka ng’ambo ya mstari. Nimeibeba. Lionel alikuwa ameshavuka nilipokuwa Aru, bila hata barua.

Nimemwambia Véronique asante. Akasema nikaoge.

Jumamosi, 25 Aprili

Nimeomba kurudi. Mbele ya mkutano wote. Héritier amesema mlango haukufungwa, akauliza nani anakubali nirudi. Mkono wa Véronique ulikuwa juu kabla swali halijaisha. Masharti: mwisho wa orodha ya kamio, kufagia chini ya bashe miezi mitatu, na kuusugua ule mstari mimi mwenyewe. Nimekubali yote. Nimesema nimejifunza mengi, kwamba mtu peke yake ni kama kuni moja, haiivishi maharagwe. Watu wamepiga makofi. Mama Domitille amefuta machozi. Mimi pia, kidogo.

Kisha mambo mengine. Héritier amesoma barua: Shirikisho la Masoko linaomba wajumbe wawili. Shirikisho gani? Ndipo nimejua kwamba Umoja wetu wote uko ndani ya shirikisho. Miaka tisa! Nani alituuliza? Shirikisho lina kamio? Lina bashe?

Véronique amenikanyaga mguu. Amechelewa, nilikuwa nimeshasimama. Nimeuliza kwa upole tu, kama mwanachama mpya: tukijitoa, watatufanya nini?